Porti ya Kumi na Moja

Taa ilikuwa ya rangi ya machungwa. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo nilipopaswa kuanza siku ile, na sikuanza. Swichi ya mtandao ilikuwa imefungwa ukutani nyuma ya mlango wa ofisi, kisanduku cheusi chenye porti ishirini na nne, yaani matundu ya kuchomekea kebo za kompyuta, na juu ya kila porti yenye kebo paliwaka taa ndogo. Zote zilikuwa za kijani isipokuwa ile ya porti ya kumi na moja. Kijani maana yake kebo inakwenda mwendo wake kamili. Machungwa maana yake imeshindwa, imekubali kwenda sehemu moja ya kumi ya mwendo huo. Kila mtu wa kazi yangu anajua hilo, nami nililijua. Niliitazama ikipepesa, nikajiambia kwamba inapepesa, basi iko hai, nikaurudisha mlango.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kazi mbili. Iliyonilisha ilikuwa ya kuzungukia ofisi ndogo za barabara ya kusini, Bungu, Kibiti, mpaka Ikwiriri, nikitengeneza kompyuta na mitandao. Nyingine, niliyoiita kazi yangu mbele ya watu, ilikuwa riwaya.

Ofisi ya Kibiti ilikuwa ya shirika dogo ambalo sasa limekwisha kufungwa. Lilihudumia wakulima ambao mashamba yao yameliwa na wanyama. Mkulima wa Mloka akiamka akakuta tembo wamepita kwenye mahindi yake usiku, anajaza fomu. Fomu inaletwa Kibiti, inapigwa skani, inatumwa kwenye seva, ile kompyuta kuu ya shirika, na afisa anapangiwa siku ya kwenda kukagua. Ukaguzi una muda wake. Shamba likishalimwa upya, au mvua ikishazifuta nyayo, hakuna tena cha kukagua, na mkulima anabaki na maneno yake matupu.

Karani aliyepiga skani fomu hizo alikuwa dada mmoja wa visiwani, kule delta, mto unakoingia baharini, aliyenizidi kama miaka kumi na miwili. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kwa mkataba ule alipanga chumba Kibiti, na binti yake akasoma sekondari ya kutwa hatua chache kutoka chumbani badala ya kuvuka maji na kukaa kwa watu. Alinieleza hayo siku ya kwanza nilipofika kumfungia kompyuta, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kutokanyaga.

"Ukiiharibu kompyuta hii umeniharibia nyumba," aliniambia.

"Dada, mimi natengeneza, siharibu."

"Mafundi wote husema hivyo. Hata yule aliyenifungia mlango wa choo, mpaka leo naingia nikiwa nimeushika kwa mguu."

Nilicheka, tukawa marafiki, au niliamini hivyo.

Alinipigia simu mara tatu.

Mara ya kwanza nilikuwa Dar, katika ukumbi mdogo wenye feni mbovu, mahali ambapo sisi waandishi vijana tulikutana kusomeana. Nilikuwa nasoma sura ya riwaya yangu. Ilikuwa sura ya delta: matope, mizizi ya mikoko iliyosimama juu ya maji, mwanamke anayekokota kitambaa cha kukamatia uduvi. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaiacha. Makofi yalipokwisha ndipo nilipotoka nje nikampigia.

"Kaka, kompyuta inasema haina mtandao."

"Izime, halafu iwashe."

"Nimezima, nimewasha, nimezima tena. Imebaki kuichinjia kuku."

"Basi iache kidogo, itarudi."

Mara ya pili niliiona simu ikiita, nikaigeuza kifudifudi mezani. Watu walikuwa wanaijadili sentensi yangu moja. Mara ya tatu nilipokea.

"Fomu za Mloka ziko mezani kwangu, rundo zima. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuzituma."

"Jumatatu nitakuwa hapo, dada."

"Jumatatu huja baada ya Ijumaa, kaka. Au huko Dar mmeipangua?"

Nikacheka tena. Jumatatu sikwenda. Nilikwenda karibu majuma mawili baadaye, nikakuta kompyuta yake ina mtandao.

"Mtandao umepona wenyewe?" nikamuuliza.

"Umepona," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Ningeuliza zaidi kama ningekuwa fundi siku hiyo, lakini nilikuwa mwandishi aliyechoshwa na safari. Meneja akaniita. Alikuwa mtu wa makaratasi, mwenye sauti ya chini na kalamu mbili mfukoni. Akasema fomu nyingi hazifiki kwenye seva, au zinafika nusu, picha imekatika katikati. Karani anasema ni mtandao, na yeye anaona ni uzembe. Nikauvuta mlango ulioificha swichi. Nikaziona taa, nyingi za kijani na moja ya machungwa. Nikatuma pakiti nne za majaribio, vipande vidogo vya data, kwenda kwenye kompyuta ya dada, zikarudi nne.

"Mtandao hauna shida, mkuu," nikasema. Karani alikuwa amesimama mlangoni na faili kifuani.

Chai niliyokuwa nimekaribishwa ilikuwa bado ya moto. Kazi ile niliimaliza upesi kiasi hicho.

Sentensi yangu ilibaki pale ofisini baada ya mimi kuondoka, ikafanya kazi bila mimi. Kila fomu iliyokosekana sasa ilikuwa na mtu wa kulaumiwa, naye ni dada. Siku niliyorudi, nikiwa nimeitwa kuweka wino kwenye printa, nilimkuta mzee mmoja wa Mloka amesimama mbele ya meza ya dada. Alikuwa na kiroba, na ndani ya kiroba mabua ya mahindi yaliyokanyagwa mpaka yakawa bapa. Wakulima wengi walikuja na mabua kama hayo. Hakuna aliyewaagiza, waliona haya kuja kudai kitu bila kushika ushahidi mkononi. Mabua, magunzi na maboga yaliyong'atwa yaliwekwa kwenye stoo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia yatupwe.

"Binti, jina langu ulilisoma wewe mwenyewe, nikalisikia," mzee alikuwa anasema.

"Nililisoma, baba. Na fomu nikaituma."

"Mbona huko wanasema sipo? Au tembo wamekula mahindi wakamalizia na jina?"

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mzee hakucheka.

"Nimeliacha shamba vile vile, mwanangu. Sijagusa hata jani, nikingoja mkaguzi aone. Wenzangu wameshalima, wameshapanda, yao yameota. Mke wangu ananiuliza kila asubuhi ninalinda nini."

Dada alitoa karatasi yenyewe kwenye faili, akamwonyesha. Ilikuwepo, na jina lake, na alama ya kidole gumba. Kwenye seva haikuwepo. Jioni ile meneja alimpa barua ya onyo. Iliandikwa kwamba mkataba mpya utategemea maelezo yake.

Alinifuata kwenye printa.

"Kaangalie tena," akasema. "Safari hii angalia kama mtu aliyepoteza kitu chake."

Nikaangalia. Swichi huhesabu makosa yake, na hesabu hiyo ipo siku zote, inamngoja mwenye haja nayo. Kila pakiti inayosafiri kwenye kebo hubeba mkiani namba ya kujikagulia. Swichi ikiipokea inapiga hesabu upya. Namba zikitofautiana, pakiti imeharibika njiani, swichi inaitupa kimya kimya na kuongeza moja kwenye kaunta. Niliingia kwenye swichi kwa kompyuta yangu, nikafungua kaunta za porti zote. Zote zilikuwa sifuri, isipokuwa ya kumi na moja. Yake ilikuwa na namba ndefu kiasi kwamba sikuielewa mara moja, nikaihesabu tarakimu kwa kidole.

Nikaifuta ianze upya. Nikamwomba dada atume fomu moja. Kaunta ikaanza kupanda mbele ya macho yangu, kumi, arobaini, mia na ushee, kama mtu anayeongea peke yake. Pakiti zangu nne za majaribio zilikuwa ndogo, ndiyo maana zilipenya. Picha ya fomu ilikuwa na maelfu ya pakiti. Zilizotupwa zilitumwa upya, zikatupwa tena, mpaka programu ikachoka na kuikata kazi katikati.

Nikaihamisha kebo kwenye porti ya kumi na tano. Makosa yakaifuata huko. Basi porti haikuwa mgonjwa. Nikabadilisha vipande vifupi vya kebo, cha kwenye swichi na cha nyuma ya kompyuta. Makosa hayakupungua. Ilibaki kebo ndefu iliyopita juu ya dari kutoka chumba cha mbele, juu ya stoo, mpaka chumba cha dada.

Nilipanda kwa ngazi kupitia stoo. Harufu ya mahindi makavu na ya panya ilinipokea. Panya walikuwa wameingia kwa ajili ya ushahidi wa wakulima, na walipomaliza magunzi wakapanda darini. Kebo ilikuwa imetafunwa hatua tatu kutoka kwenye tundu la dari nililopandia. Na palipotafunwa palikuwa pameungwa.

Sijawahi kuona kiungo kizuri kama kile. Nyaya zote nane zilikuwa zimeunganishwa rangi kwa rangi, kijani na kijani, kahawia na kahawia, kila moja kwa fundo dogo lililokazwa sawasawa. Mafundo hayakupangwa mahali pamoja. Kila moja lilisogezwa kidogo mbele ya mwenzake, na ili kupata nafasi hiyo nyaya zilikuwa zimefumuliwa na kutandazwa urefu wa shubiri mbili. Juu yake pakavirigwa ukanda wa mpira wa baiskeli, mviringo juu ya mviringo, bila mkunjo.

"Usiikate," ilisema sauti chini yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo.

"Ni wewe?"

"Nani mwingine? Alhamisi ile. Fomu zilikuwa mwisho Ijumaa, na weye ulikuwa Jumatatu."

Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi. Akanieleza bila kujitetea. Kwao kisiwani baba yake hakuwa na mtoto wa kiume nyumbani, kwa hiyo nyavu zilizochanika zilipita mikononi mwake yeye. Mwenye kuunga nyavu hapangi mafundo mahali pamoja. Yakirundikana yanakamata takataka, na uzi unakatika palepale. Unafumua, unatandaza, kila fundo unalipa nafasi yake. Aliunga kwa mwanga wa simu huku ameegemea boriti, akashuka, kompyuta ikapata mtandao. Alisema alisimama pale stoo akacheka peke yake.

Ilibidi nimwambie. Ndani ya kebo ile nyaya zimesokotwa mbilimbili makusudi. Msokoto ndio unaozuia kila jozi isipokee kelele za jirani yake. Ukiufumua, hata kwa shubiri mbili, kebo inaanza kusikia kila kitu, nyaya za umeme za darini na zenyewe kwa zenyewe. Angeunga ovyo, kwa haraka, mafundo yote mahali pamoja, huenda fomu nyingi zingepita.

Akainua macho kwenye tundu la dari.

"Kumbe miye ndiye niliyemlia jina yule baba."

"Panya ndio walioanza, dada."

"Panya hawana mkataba."

Kisha akaniuliza nitasema nini kwa meneja. Nikamwambia nitasema kweli: kwamba fomu alizituma, na zilipotea kwenye kebo. Akauliza kama nitazitaja na simu alizonipigia. Nikasema nitazitaja zote tatu. Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Kesho yake asubuhi tulikaa watatu. Kile kiungo nilikuwa nimekikata na kukiweka mezani mbele ya meneja. Nikaeleza kaunta, nikaeleza msokoto, na nadhani nilieleza vizuri. Meneja alikigeuzageuza kiungo kwa ncha ya kalamu.

"Nani ameunga?"

"Miye," alisema dada.

"Nani alikuruhusu kugusa?"

"Nilimpigia fundi. Mara tatu. Hakuja."

Meneja akanigeukia. Wakati ule mkataba wangu mimi na ofisi ile nao ulikuwa unapitiwa, na ofisi mbili za jirani zilikuwa zikiuliza habari zangu kwake. Sisemi hivyo kujisafisha. Nasema kwa sababu nililifikiria, palepale, kabla ya kufungua kinywa.

"Alikupigia?"

"Nakumbuka mara moja, mkuu," nikasema. "Nilimwelekeza cha kufanya."

Mara moja ilikuwamo katika mara tatu. Kumwelekeza nilimwelekeza. Sikuzua kitu, nilichagua tu kilichonifaa na kuacha kingine, kazi ambayo mikono yangu iliizoea kwenye riwaya.

Dada alikuwa na simu yake mkononi. Aliitazama, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu.

Kebo mpya niliipitisha adhuhuri ile, nikaichomeka tena kwenye porti ya kumi na moja, kazi ya nusu saa. Taa ya kumi na moja ikawa ya kijani, kaunta ikatulia kwenye sifuri, na fomu zote za Mloka zilipita kabla ya swala ya alasiri. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Mloka. Mzee wa mabua sikumwona tena. Mkataba wa dada ulipofika mwisho haukuandikwa mwingine. Barua ilisema ameharibu miundombinu ya ofisi na kuficha. Chumba akakirudisha. Binti akapelekwa kisiwani kwa bibi yake, na dada mwenyewe akaenda Bungu kwa ndugu yake mwenye genge barabarani. Mkataba wangu uliongezwa. Sura yangu ya delta ilitoka kwenye jarida moja vilevile nilivyoiandika, na yule mwanamke wa uduvi hana hata neno moja analosema humo.

Msimu wa korosho ulipokaribia, alinitumia ujumbe. Chama kimoja cha wakulima huko Bungu kilitaka karani wa mizani, na kilitaka barua ya mtu aliyefanya naye kazi. Hakuna salamu wala lawama. Niliiandika barua ile usiku na mchana, nikaipeleka mwenyewe.

Nilimkuta nyuma ya genge anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" kama ilivyo ada. Akafuta mikono kwa khanga, akaisoma barua kwa mtindo wa makarani, kidole chini ya mstari. Ilikuwa barua nzuri. Ilitaja bidii yake, uaminifu wake, mwandiko wake, na kwamba hakuna fomu iliyopotea kwa mkono wake. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Simu zangu hazimo," akasema.

"Hawa wanataka kujua tabia yako, dada. Mambo ya simu hayawahusu."

"Watauliza Kibiti. Kibiti watasema niligusa kebo nikaficha. Hapo niwajibu nini, nina mwandiko mzuri?"

Nikayatazama maganda ya mihogo miguuni.

"Siku ile ningeweza kuifungua simu nikamwonyesha," akasema. "Namba yako ilikuwamo, na saa. Nilitaka nione kama utasema bila kuonyeshwa." Akanirudishia barua. "Nimeona."

Nikamwambia nitaiandika upya, sasa hivi, hapohapo. Akasema niandike nikitaka, benchi ni la wateja wote, akaendelea na mihogo yake. Basi likasimama, wauzaji wakalikimbilia na sinia zao vichwani, likaondoka, likaja jingine. Nikaandika yote: ukumbi wa Dar, simu niliyoigeuza kifudifudi, Jumatatu, taa ya machungwa, ahadi ya stoo na jibu nililompa meneja. Nikatia sahihi na namba yangu. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba. Hakuniambia ahsante, nami nilishukuru kwa hilo.

Baada ya siku chache katibu wa chama alinipigia. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Aliuliza kama barua ni yangu, na kama ninajua nimejiandika vibaya. Nikasema najua.

"Tumeisoma wote kwenye kikao," akasema. "Tumemhurumia sana dada wa watu. Lakini mizani yetu ni ya umeme, ndugu yangu, na kila msimu wakulima wanagombana juu ya vipimo vyake. Tunamtaka mtu ambaye mzani ukikorofisha, yeye hagusi."

"Na foleni ya wakulima je, na magunia yao juani? Afanye nini?"

"Si anampigia fundi," akasema katibu, akanitakia siku njema.